Sauti ya Spès Baada ya Ijumaa

Mhudumu wa mochari alifunua shuka hadi mabegani. Ildephonse alitazama mara moja tu, akageuza uso ukutani.

"Ni yeye," alisema. "Ni Spès, dada yangu." Kisha akatikisa kichwa kwa nguvu kama mtu anayekataa chakula. "Lakini haiwezekani. Jumapili amenitumia sauti kwa WhatsApp. Jumapili hii iliyopita, Mama Henriette. Wewe mwenyewe umeisikia."

Henriette Nabintu alikuwa amesimama upande wa pili wa meza ya chuma. Zamani, Bukavu, alikuwa inspekta wa polisi ya mahakama. Hapa Durban alifanya upelelezi kwa wakili mmoja wa wakimbizi, katika ofisi iliyokuwa juu ya duka la mawigi katikati ya mji. Ildephonse alikuwa amemjia siku chache nyuma na jambo lililoonekana dogo: dada yake amehamia Cape Town ghafla, anatuma ujumbe wa sauti, lakini akipigiwa simu hapokei. Henriette alifanya kile alichofundishwa kufanya kwanza. Alipiga simu kuuliza kama kuna maiti ya mwanamke isiyo na jina.

"Ameletwa lini?" alimuuliza kwa Kiingereza Warrant Officer Mkhize, mpelelezi wa polisi aliyeshika kesi hiyo.

"Wiki mbili zilizopita, Jumamosi asubuhi. Mtu aliyekuwa akitembeza mbwa alimkuta kwenye miamba ya pwani, chini ya kilima cha Bluff. Hakuwa na pochi, hakuwa na simu. Tuliandika kwamba amezama." Mkhize alikuna shingo. "Wengi hujitupa pale."

Daktari wa mochari, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, hakusubiri kuulizwa. "Hakuzama. Mapafuni hamna maji. Fuvu limepasuka kisogoni, na hakufa papo hapo. Alivuja damu ndani ya kichwa kwa saa kadhaa. Alikufa usiku wa Ijumaa. Niliandika hivyo, hakuna aliyekuja kusoma."

Mkhize alitazama viatu vyake.

"Naomba kuona visigino," alisema Henriette.

Daktari alifunua upande wa miguu. Visigino vyote viwili vilikuwa na michubuko, na ndani ya michubuko hiyo rangi nyekundu iliyokolea, si ya damu. Rangi ileile ilikuwa kwenye kiwiko cha kushoto. Henriette aliinama akanusa.

"Nta," alisema. "Nta nyekundu ya sakafu. Maji ya bahari hayakuitoa."

"Nyumba nyingi za zamani zina baraza jekundu," alisema Mkhize.

"Nyingi, ndiyo. Lakini kwenye miamba hakuna baraza. Huyu aliburutwa kwanza mahali panapopigwa nta."

Nje, kwenye maegesho, Ildephonse alikaa kwenye ukingo wa saruji. Henriette alimwomba simu. Aliucheza ule ujumbe wa Jumapili, akausikiliza akiwa amefumba macho. Ilikuwa sauti ya mwanamke kijana, tulivu, yenye mkwaruzo kidogo mwanzoni mwa maneno.

*Kaka yangu mpendwa, usiwe na wasiwasi. Nimepata ajira katika hoteli moja mjini Cape Town. Nitawajulisha nitakapopata likizo. Mwambie mama asinitumie dagaa mwezi huu.*

"Ni sauti yake?"

"Ni yake. Hata ule mkwaruzo." Ildephonse alifuta pua kwa mkono wa shati. "Pale kwenye dagaa nilicheka. Sisi watu wa Bwiza, Bujumbura, tunasema ndagala. Nikajisemea, huyu amekutana na Watanzania, tayari ameanza kujidai."

"Na 'kaka'? Alikuwa anakuita kaka?"

Alifikiri. "Hapana. Alikuwa ananiita Ilde. Ama musaza, kaka kwa Kirundi, akitaka kitu."

Henriette alimrudishia simu. "Twende saluni alikofanya kazi."

Saluni ilikuwa karibu na Albert Park, chumba kimoja kirefu chenye vioo vitatu na redio ya nyimbo za injili. Gracieuse, mwenye saluni, alikuwa akimsuka mteja. Aliposikia, mikono yake ilisimama juu ya kichwa cha yule mteja, ikabaki pale. Kisha akamwambia, "Samahani, mama, utarudi kesho," na mteja akaondoka na nusu kichwa bila kunung'unika.

"Yaya Henriette, ni mimi nimemuua," alisema Gracieuse, akimwita kama dada mkubwa.

"Umemuua namna gani?"

"Kwa mdomo yangu. Ni mimi njo nilimwambia habari ya Bonheur."

Alieleza akilia, na Henriette alimwacha alie bila kumkatiza. Spès alikuwa na kazi ya pili. Kila Ijumaa alasiri alikwenda Bluff, kwenye nyumba ya mradi mmoja wa wazungu, kukaa mbele ya maikrofoni na kuzungumza. Watu wengi wa Congo na Burundi walikuwa wamerekodiwa mara moja moja, lakini yeye walimpenda, wakamrekodi miezi mingi. Alisoma sentensi, akasimulia maisha yake, akacheka, akauliza maswali. Waliambiwa ni utafiti. Mashine itafundishwa Kiswahili chetu, isaidie wakimbizi hospitalini.

"Sasa mdogo wangu Bonheur alifika Ulaya, akaomba hifadhi. Walimuingiza kwa chumba, peke yake na mashine. Mashine ikamuuliza: umezaliwa wapi, kwenu sokoni munauza nini, ile samaki munaiita namna gani. Kisha ikasema huyu si Mucongomani. Wakamkatalia. Alinipigia, akasema, 'Dada, unajua nani ameniuliza ile maswali? Ni yule wa saluni yako. Ni Spès.' Mi nilifikiri amepata wazimu."

"Ukamwambia Spès."

"Ile Ijumaa asubuhi. Alikaa pale kwa kiti. Halafu akasema, 'Leo naenda kuchukua sauti yangu. Wameniambia naweza kutoka siku yoyote.' Akavaa gauni, ile robe ya bleu, akaenda kupanda taxi. Jumapili nikasikia iko Cape Town. Nikasema, eish, ameogopa, amekimbia. Nikamkasirikia."

"Kulikuwa na mwanaume? Mtanzania?"

Gracieuse alishangaa. "Mbwana, fundi simu, pale Warwick. Alikuwa anamtaka. Juu ya nini unauliza?"

Mbwana alipatikana nyuma ya meza yake chini ya daraja la Warwick, kati ya muuza mizizi na muuza mahindi ya kuchemsha. Mguu wake wa kulia ulikuwa na plasta hadi gotini, umenyooshwa juu ya kreti ya soda. Taxi ilikuwa imemgonga kwenye robot, taa za barabarani. Ile Ijumaa na wiki nzima iliyofuata alikuwa amelazwa, na karatasi ya hospitali ilikuwa bado mfukoni mwake. Henriette aliisoma, akamchezea ujumbe.

Mbwana aliusikiliza mara mbili. "Dada, hii mimi?" alisema. "Mimi mtoto wa Tanga, nimeishia darasa la saba. Nikimtumia mtu sauti nasema 'ntakushtua.' 'Nitawajulisha nitakapopata likizo'! Hiyo ni taarifa ya habari. Mtu anayeongea hivyo amejifunzia Kiswahili kitabuni." Aliweka simu mezani taratibu. "Sasa Spès yuko wapi? Mbona umekuja wewe, asije yeye?"

Henriette alimwambia. Mbwana alichukua bisibisi, akaishika tu, hakufungua kitu.

Katika gari la polisi, wakipita kando ya bandari kuelekea Bluff, Henriette alimweleza Mkhize kwa Kiingereza. Ildephonse alikaa kiti cha nyuma. Alikuwa ameambiwa abaki, akakataa.

"Sauti ni yake, maneno si yake," alisema Henriette. "Kuna mtu anaandika, na mashine inasoma kwa sauti ya Spès. Mtu huyo si Mrundi, wala si Mkongomani. Mkongomani angeandika Kiswahili kama mimi ninavyokiongea. Na anajua kwamba mama yake humtumia samaki."

"Hakimu hatanipa hati ya kukamata kwa sababu ya samaki."

"Kwa hiyo tutazame baraza."

Nyumba ilikuwa mwisho wa barabara, imeipa bahari mgongo. Nyuma yake njia nyembamba iliingia vichakani na kuteremka kwenye miamba. Mbele kulikuwa na ngazi za saruji na baraza pana, jekundu, linalong'aa. Henriette alichuchumaa. Sehemu kubwa ya nta ilikuwa ya zamani, imepasukapasuka na kushika vumbi. Lakini kuanzia mlangoni hadi ngazi ya juu kulikuwa na ukanda uliopigwa nta upya, mwekundu kuliko kwingine. Alipitisha leso nyeupe sehemu zote mbili, akampa Mkhize, naye akaitia leso kwenye mfuko wa plastiki.

Mlango ulifunguliwa na wanaume wawili. Wa kwanza alikuwa Daktari Achille Kasereka, mtu wa Butembo, mtaalamu wa lugha, msimamizi wa kituo cha Durban. Henriette alimfahamu kwa sura kutoka kanisani. Nyuma yake alisimama mzungu mrefu, mwenye mvi, shati limepigwa pasi vizuri.

"Karibuni sana," alisema mzungu. "Mimi ni Profesa Hallgren, mratibu wa mradi. Mtatuwia radhi kwa vurugu hizi. Jumatatu tunatarajia ugeni wa wakaguzi kutoka Ulaya."

Kiswahili chake hakikuwa na doa. Henriette alimtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyo desturi.

Sebuleni viti vilikuwa vimepangwa kuelekea ukuta mweupe, na juu yake bango lenye bendera za nchi sita na jina la mradi, *Daraja*. Henriette aliwapa habari ya kifo. Achille aliketi. Profesa alibaki wima, akasema, "Ni msiba mkubwa. Alikuwa nguzo yetu."

"Nguzo namna gani?"

"Tunafadhiliwa na fedha za umma, mama. Mfuko wa utafiti wa pamoja. Hakuna taasisi inayoweza kuomba peke yake. Ni sharti mshirikiane, vyuo na kampuni kutoka nchi mbalimbali. Kila mmoja ana sehemu yake. Sehemu ya Durban ni sauti. Durban ikianguka, wote wanaanguka."

"Na moja ya hizo kampuni inafanya mashine ya kuhoji watu mpakani."

"Mmoja wa washirika anafanya majaribio ya matumizi. Sina uamuzi juu yao."

"Mshiriki akitaka kutoka?"

"Ana haki ya kujitoa wakati wowote, bila kutoa sababu, na sauti yake hufutwa. Hizo ni kanuni za maadili. Nimeziandika mimi mwenyewe."

"Spès aliomba kutoka?"

"La. Mara ya mwisho nilipomwona alikuwa na furaha. Alizungumzia mama yake, kama kawaida. Mama yake humtumia dagaa kutoka Bujumbura, na yeye..."

"Ndagala," alisema Achille kwa sauti ya chini, pasipo kuinua kichwa, kama mwalimu anayesahihisha kwa mazoea.

Henriette alimgeukia Mkhize, akamwomba kwa Kiingereza akae na profesa kwenye chumba cha kurekodia. Kisha akamchukua Achille nje, akamkalisha kwenye ngazi ya juu ya baraza.

"Docteur, nani anaweza kufanya ile mashine iseme na sauti ya Spès?"

"Mi na Profesa. Wengine hawana code ya kuifungua."

"Sikiliza hii."

Alicheza ujumbe. Achille alisikiliza mpaka kwenye "likizo", kisha akaufunika mdomo kwa kiganja. Henriette alikuwa ameona watu wengi wakijifanya kushtuka. Huyu hakuwa akijifanya.

"Ametuma kwa nani?" aliuliza Achille.

"Kwa kaka yake. Yule pale ndani ya gari."

"Mungu wangu. Mi sikujua. Nakuapia, sikujua hii. Mi nilifikiri familia wanamutafuta."

"Ulifikiri wanamtafuta, na ukaenda kanisani Jumapili mbili." Henriette alishusha sauti. "Docteur, umekaa juu ya nta mpya. Visigino vyake viko na nta hii. Polisi watatoa kila kitu kwa hii ngazi, hata kama muliosha. Ongea sasa, kabla yule wa ndani hajaanza kuongea juu yako."

Achille alitazama barabara.

"Alikuja akasema, 'Nataka sauti yangu.' Hivyo tu," alisema. "Profesa akamwambia angoje, wakaguzi wapite kwanza, halafu atafuta. Yeye akasema hapana, leo, mbele yangu, kuna watu wanarudishwa kwao na mdomo yangu. Profesa akamueleza vijana wangapi watapoteza kazi, miaka mingapi ya utafiti. Yeye akatoa simu. Akasema anaita wale wengine wote waliorekodiwa, watoke pamoja. Akatoka hapa, kwa baraza. Profesa akamfuata kunyang'anya simu. Alivuta, na yeye akavuta. Kisha Profesa akaachia." Achille aligusa pembe ya ngazi ya chini bila kuitazama. "Kichwa kiligonga pale."

"Hakufa."

"Hapana."

"Daktari anasema saa kadhaa."

"Tulimurudisha ndani. Alikuwa anapumua. Nilisema tuite ambulance. Profesa akasema tungoje kidogo, ataamka, tukiita watu mradi umekwisha, na wewe Achille, permit yako imeandikwa kwa jina ya mradi huu, utaenda wapi na watoto? Kila mara nikisema tuite, anasema tungoje kidogo. Na mi nilingoja." Alisugua viganja kwenye suruali. "Alikuwa anaongea, polepole, Kirundi. Mi sisikii Kirundi. Nimesoma lugha maisha yangu yote, na sikusikia alikuwa anaomba nini. Nadhani maji."

"Mulimpa?"

Achille alitikisa kichwa kukana. Mlango wa gari ulikuwa wazi. Ildephonse alikuwa amesimama kando yake, karibu vya kutosha kusikia kila neno. Hakusogea, hakupiga kelele. Henriette alikuwa tayari amesimama kati yao, lakini Achille peke yake ndiye aliyejikunja kana kwamba amepigwa.

Mkhize alitoka na profesa akiwa amefungwa pingu. Simu ya Spès ilikuwa kwenye droo ya meza ya kurekodia, imechomekwa kwenye kompyuta, ina chaji kamili.

"Nilihitaji muda tu," profesa alimwambia Henriette. "Baada ya ukaguzi ningeifuta sauti. Niliandika zile jumbe ili familia isiteseke. Naomba hilo lieleweke."

"Futa sasa," alisema Ildephonse. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema naye. "Niko hapa. Futa."

Achille ndiye aliyesema, kwa sauti iliyopasuka, "Haiwezekani kutoka hapa, ndugu yangu. Iko na nakala kwa kila mshirika. Iko nchi sita. Kule inafanya kazi hata sasa."

Gari la pili la polisi lilikuja kuwachukua. Henriette na Ildephonse walibaki kando ya barabara.

"Lazima nimwambie mama," alisema Ildephonse. "Kabla hajasikia kwa watu."

"Unataka nimwambie mimi?"

"Hapana. Ni kazi yangu."

Alipiga. Aliweka kipaza sauti ili Henriette naye asikie. Mama alipokea Bujumbura kwa furaha, kuku wakilia nyuma yake.

"Mama, kaa chini. Tumempata Spès. Mama, Spès amefariki."

"Lini?"

"Imepita wiki mbili. Ametoka kuniona... nimetoka kumuona mwenyewe, mochari."

"Wiki mbili?" Sauti ya mama ilibadilika, lakini haikuwa kilio. "Ildephonse, umekunywa?"

"Mama, sijanywa."

"Leo asubuhi ameniongelesha. Ameniuliza hali ya goti. Hata ameniamkia shikamoo, kama Watanzania, nikasema mtoto amepata adabu huko Cape Town. Mumegombana nini wewe na dada yako, mpaka unamuua kwa mdomo?"

"Mama, ile siyo yeye. Ni mashine. Kuna wazungu walichukua sauti yake..."

"Mimi ndiye nimemzaa! Unaniambia sijui sauti ya mtoto wangu?"

Ildephonse alimtazama Henriette. Henriette alisogea karibu na simu. "Mama, naitwa Henriette, mimi nafanya kazi na wakili..."

"Sikujui wewe. Ilde, ngoja. Ngoja nikuwekee, usikie na masikio yako, uache uongo huu."

Walisikia akihangaika na simu nyingine, akiulizana na mtu wapi pa kubonyeza. Kisha sauti ya Spès ikatoka, tulivu, yenye mkwaruzo kidogo mwanzoni mwa maneno, ikimwamkia mama, ikimuuliza goti, ikimwahidi kwamba atakuja Krismasi. Ildephonse aliishika simu kwa mikono miwili mpaka ikamaliza.

"Umesikia?" alisema mama.

"Nimesikia, mama," alisema Ildephonse.